Kisu cha zawadi kutoka soko la Nishiki, Kyoto
Ndugu, umeuliza umnunulie mama kisu gani pale Nishiki na utakisafirishaje. Chukua santoku, kisu cha Kijapani cha kazi nyingi za jikoni, yenye ubapa wa sentimita 17 hivi. Inatosha nyama, samaki na mboga. Hakikisha imenolewa pande zote mbili, kwani za upande mmoja kwa kawaida ni za mkono wa kulia na zinamsumbua asiyezizoea. Chuma cha kaboni kinanoleka kirahisi, lakini ukikata limau bila kukifuta papo hapo kinapata madoa na kutu. Kwa jikoni la nyumbani, heri kisichoshika kutu. Nenda asubuhi, maduka mengi hufunga jioni mapema. Beba pasipoti yenyewe, si nakala, kwa msamaha wa kodi ya manunuzi kwa watalii. Kwenye ndege, kisu kikae kwenye mzigo mkubwa unaokabidhiwa. Cha begi la mkononi kitazuiwa ukaguzini.