Damu isikutishe sana, ila homa usilale nayo

*Habari za kazi dokta. Mimi mzee wa miaka 64 niko Muheza. PSA yangu (kile kipimo cha damu cha tezi dume) ilitoka 11 kwahiyo Jumanne wakanifanyia biopsi ya tezi dume huko mjini, wakapitisha kile kifaa njia ya haja kubwa wakatoa vinyama 12, jioni nikarudi nyumbani na vidonge vyangu. Mkojo siku ile ulitoka mwekundu kabisa, sa hivi umefifia uko kama chai ya rangi, na chooni naona damu kidogo. Hiyo damu ndo inaninyima usingizi. Jana usiku pia nilitetemeka sana mpaka mama watoto akaniongezea blanketi, asubuhi kijana wa duka la dawa akanipima malaria haikuonekana ila akanipa mseto akasema nimeze tu. Swali langu ni damu, itakata lini?*

Shikamoo mzee wangu. Wasomaji wajue kwamba huyu mzee sikumsubirisha mpaka gazeti litoke, meseji yake ilinikuta Alhamisi mchana nikampigia hapo hapo nikamwambia achukue gari arudi hospitali sasa hivi, na ile karatasi ya biopsi aende nayo mkononi. Alilazwa siku 5, akachomwa antibiotiki za mshipa, yuko nyumbani anaendelea vizuri na ameniruhusu kuijibu hapa kwa faida ya wengine.

Yeye aliuliza damu. Mimi damu niliisoma nikaipita, nilichokiona ni lile blanketi.

Iko hivi, tezi dume imekaa mbele ya utumbo wa haja kubwa, zimegusana kabisa. Sindano ikipita huko lazima itoboe ukuta wa utumbo mara 12, na utumbo una vijidudu vyake ambavyo vikikaa kwao havina shida, ila vikibebwa na sindano vikaingia kwenye tezi yenye mishipa mingi ya damu basi vinaweza kuenea mwili mzima ndani ya masaa. Ndo maana unapewa antibiotiki kabla. Wengi zinawasaidia na hawapati chochote, ila wachache katika kila 100 zinawagomea, na sababu moja tunaijua wote hata kama hatupendi kuisema: sipro, antibiotiki hizo hizo, tumezila kama karanga. Tumbo likiuma sipro, mkojo ukichoma sipro, unanunua vidonge vinne badala ya dozi, vijidudu vya tumboni vimeshazizoea. Kwahiyo kama ulimeza sipro au ulilazwa miezi ya karibuni mwambie daktari kabla hujapanda kitandani, na kama una kisukari pia sema, maana wewe maambukizi yanakushika haraka kuliko mwenzio.

Sasa tatizo la huku kwetu ni kwamba kila homa ni malaria mpaka ikuue. Mtu katoka biopsi juzi, anatetemeka, joto limefika 38 au zaidi, anapewa mseto na panadol, joto linashuka masaa manne anajiona kapona, kumbe kule ndani moto unawaka. Pima malaria ndiyo, sikatai, lakini upimiwe hospitali, na hata ikionekana bado waambie ulifanyiwa biopsi. Mlangoni kabisa, kabla hujaulizwa jina, sema "nimefanyiwa biopsi ya tezi dume siku kadhaa zilizopita na nina homa", hiyo sentensi inabadilisha kila kitu, watachukua damu na mkojo wa kuotesha vijidudu na kukuanzishia dawa ya mshipa bila kungoja majibu. Homa hii mara nyingi inakuja siku chache za mwanzo, lakini hata ikija baada ya wiki usiichukulie poa. Wazee wengine hata joto halipandi sana, unamkuta tu anahema haraka, kachanganyikiwa, anaongea vitu havieleweki, huyo msimpikie uji, mpelekeni.

Haya turudi kwenye damu yako mzee maana uliuliza. Mkojo kuwa na damu siku kadhaa mpaka wiki mbili ni kawaida, unaweza kukata kabisa alafu ukabeba ndoo ya maji ukarudi tena, usishtuke. Ya choo inakata ndani ya siku chache. Kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe, usibebe mizigo, usijikamue chooni (kula mapapai, matembele), na bodaboda na baiskeli ziache kama wiki hivi, najua Muheza bila bodaboda ni kazi ila vumilia. Ukisikia maumivu meza panadol lakini pima joto kwanza ndo umeze, na zile diklofenaki za dukani achana nazo mpaka umuulize aliyekufanyia, zinaweza kuongeza damu. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama waferini au aspirini ya moyo, msijiachishe wala kujirudishia wenyewe, hilo linapangwa na daktari wa moyo na wa mkojo kwa pamoja.

Damu ya kukimbilia ni ile nyekundu nzito inayotoka na mabonge, au ya chooni inayotoka nyingi haikati. Na kitu kingine watu hawaambiwi, mkojo kugoma. Tezi imechomwa imevimba, njia imebanwa, au bonge la damu limeziba, unasikia kibofu kimejaa kinauma na hakitoki kitu. Usingoje asubuhi na usiendelee kunywa maji ukidhani yatasukuma, hayasukumi yanajaza tu. Nenda wakuwekee mpira wa mkojo, wengi wanakaa nao siku chache unatolewa maisha yanaendelea.

*Dokta mie naandika kutoka Likoni. Mume wangu alifanyiwa hicho kipimo wiki tatu zilizopita. Juzi tumekutana manii yake yametoka rangi ya kahawa kama kutu, nikamwambia umeniletea maradhi, tukagombana sana. Yeye aapa ni kile kipimo. Kweli yawezekana?*

Yawezekana dada yangu, na nadhani anakudai msamaha hahaha. Damu kwenye manii ndo inayochelewa kuliko zote, kawaida wiki 4 mpaka 6 na kwa wengine inazidi hapo, inaanza nyekundu inakuwa kahawia kwa sababu ni damu ya zamani iliyobaki kwenye tezi. Wewe haikudhuru. Mkikutana inajisafisha taratibu, na kama rangi inakukera tumieni kondomu mpaka ipotee. Mtu anaweza kurudi kwenye tendo akishajisikia vizuri, wengi ni baada ya siku chache, na akiona nguvu zimepungua wiki za mwanzo asikimbilie dawa za mtaani, kwa wengi zinarudi zenyewe. Ila kama manii yana harufu mbaya, au anaumwa korodani, au mkojo unamchoma na homa juu, hayo ni maambukizi, arudi akapimwe.

Lawama yangu iko kwa waliomfanyia. Mwanaume anavaa suruali anapewa karatasi ya vidonge na hakuna aliyemwambia kwamba wiki ya tatu atatoa kutu. Dakika mbili tu zingewaepushia ugomvi.

*Mkuu, baba yangu ameambiwa afanye biopsi amekataa katakata, anasema saratani ikiguswa na chuma inasambaa, jirani yetu alipimwa akafa mwaka huo huo. Nimwambieje?*

Mwambie jirani alichelewa. Wengi huku kwetu wanafika hospitali saratani ishafika kwenye mifupa, mgongo unauma, miguu imelegea, ndo wanapimwa, alafu kipimo kinabeba lawama. Biopsi ya tezi dume haijaonekana kusambaza saratani, na bila hicho kinyama daktari hawezi kujua kama ni saratani au ni tezi ya uzee tu iliyovimba. Hata ikiwa saratani, kuna zile za polepole ambazo mzee anafuatiliwa tu bila kukatwa.

Kama anaogopa maambukizi muulize daktari kama wana njia ya kupita kwenye ngozi, pale kati ya korodani na haja kubwa. Sindano haigusi utumbo, homa ni chache zaidi, ila siyo kila hospitali wanayo. Na majibu yakichelewa msiende kumpima PSA tena kujipa moyo, baada ya biopsi inapanda yenyewe kwa sababu tezi imejeruhiwa, mkiipima kabla ya wiki 6 hivi mtaona namba kubwa mtalia bure.