Sindano ndizo zilizonivuta, supu ndiyo niliyoiacha

Nilipokuwa naishi Daegu, Korea Kusini, presha yangu ilikuwa 150 kwa 95 na vidonge nilivimeza siku nikikumbuka. Bibi jirani ndiye aliyenikokota hadi kituo cha afya cha wilaya, kwenye darasa la kujikinga na kiharusi. Mwalimu alikuwa hanuisa, daktari wa tiba ya jadi ya Kikorea. Kiharusi wao hukiita jungpung, kupigwa na upepo. Nikacheka kimoyomoyo; wazee wetu Tanga nao husema hivyohivyo.

Nilifuata sindano zao za jadi zisizo na dawa ndani, zile nyembamba kama unywele. Tukaanza na mashine ya presha. Kila mtu ajipime, aandike kwenye daftari lake, ndipo achomwe. Zilinilegeza mwili, nikalala vizuri, sikatai. Lakini ukiniuliza kilichoshusha presha, nitakutajia vidonge nilivyoanza kumeza kila siku, na bakuli la supu. Wakorea hula na supu karibu kila mlo, nami nilikuwa nainywa hadi tone la mwisho, na kimchi, mboga zilizochachushwa kwa chumvi, juu yake. Chumvi tupu! Daktari akasema: kula vilivyomo, maji yake yaache.

Na wewe unayetumia mitishamba, mwambie daktari anayekupa dawa za presha. Gamcho, mzizi mtamu unaotiwa katika dawa nyingi za Kikorea, ukizidi hupandisha presha. Mimi nilidhani cha shambani hakidhuru.

Siku iliyozua ubishi ni ile bibi alipotoa mkobani kidonge cha uhwangcheongsimwon, dawa ya jadi ya Kikorea, kimefunikwa karatasi ya dhahabu. Wengi pale waliamini mtu akianguka unampa hicho, na unamtoboa vidole damu itoke. Hanuisa mwenyewe akakataa: aliyepatwa na kiharusi huenda hamezi vizuri, kidonge kitampalia. Mdomo ukienda upande, mkono ukikataa kuinuka au maneno yakivurugika, piga 119, namba ya dharura ya kule Korea. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na dakika za kutafuta sindano ya kutobolea zinahesabiwa humo humo.

Bibi hakukitupa kidonge chake, maana ni ghali. Alikihamishia kabatini, na mkobani akaweka karatasi yenye majina ya dawa zake za presha.