Naona nyota moja, simu inaniambia ni kundi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, naishi Kibirizi hapa Kigoma. Mwezi wa pili, usiku kama saa nne, tukiwa ziwani nilielekeza simu yenye programu ya nyota kwenye nyota moja kali mno, karibu na utosi. Simu ikaandika "Canis Major". Nikafungua maelezo, nikakuta ni kundinyota. Kaka yangu akanicheka: hilo kundi liko wapi wakati tunaona nyota moja? Je, nyota ikiwaka sana huhesabiwa kuwa kundi? Na Kilimia nacho ni nini?

JIBU: Marahaba. Kaka yako ana haki ya kucheka, ila simu nayo haikudanganya. Ulitaka jina la nyota, ikakutajia eneo la anga ambamo nyota hiyo imo. Kwa saa na mwezi ulioutaja, nyota yenyewe ni Sirius, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia Shira, na hakuna nyota ya usiku inayoonekana kung'aa kuishinda. Canis Major, yaani Mbwa Mkubwa, ndilo eneo lake. Nyota moja haigeuki kuwa kundinyota hata iwake namna gani.

Nyota ni tufe la gesi yenye joto kali linalotoa nuru yake lenyewe. Ina uzito, ina umri, iko mahali fulani. Kundinyota halina hata kimoja kati ya hivyo. Ni mpango wa watu wa kuigawa anga ili waweze kuelekezana. Zamani kila taifa liliunganisha nyota kwa namna lilivyopenda, na maumbo yakatofautiana sana. Mwaka 1922 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali orodha ya makundinyota 88, kisha Mbelgiji Eugène Delporte akachora mipaka yake, iliyochapishwa mwaka 1930. Tangu hapo hakuna kipande cha anga kilichobaki bila mwenyewe. Hata ukielekeza simu mahali peusi kabisa, pasipo na nyota unayoiona, bado itakutajia kundinyota.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba nyota za kundinyota moja kwa kawaida wala si majirani. Panda vilima vya Bangwe usiku wa giza, utazame karabai za wavuvi ziwani. Utaona taa tano zimejipanga kama mstari mmoja, na wewe mvuvi unajua kabisa kwamba mtumbwi mmoja uko karibu na ufuko na mwingine umeshaelekea Kongo. Ukihama kilima, mstari unavunjika. Ndivyo lilivyo Jabari, lile kundinyota lenye nyota tatu zilizopangana katikati, ambalo shuleni hulitaja kwa jina la Orion. Nyota yake iitwayo Bellatrix iko umbali wa takriban miaka 250 ya nuru, na Rigel iko kwenye 860 hivi. Mwaka mmoja wa nuru ni karibu kilomita trilioni 9.5, kwa hiyo pengo kati ya hizo mbili si la mchezo. Kwa macho yetu zimo kwenye mwili wa mtu mmoja.

Mng'ao nao unadanganya vilevile. Sirius hutoa nuru kama mara 25 ya Jua letu. Rigel hutoa makumi ya maelfu ya mara. Lakini Sirius iko miaka 8.6 tu ya nuru kutoka hapa, ndiyo maana inaipita Rigel machoni.

Na kaka yako asifurahi mapema, maana hata hiyo "nyota moja" yake si moja. Mwaka 1862 Mmarekani Alvan Graham Clark, akijaribu darubini mpya, aliona kinukta hafifu kando ya Sirius. Ni nyota kibete nyeupe, mabaki ya nyota iliyokwisha fueli yake, na hizo mbili huzungukana. Zinashikana kwa mvutano, lakini bado si kundinyota. Huitwa nyota maradufu.

Sasa Kilimia. Hicho si nyota moja, wala si kundinyota. Kimo ndani ya kundinyota la Ng'ombe, nacho ni fungunyota: nyota zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja la gesi, yapata miaka milioni 100 iliyopita, na hadi leo zinasafiri pamoja, zikiwa umbali wa miaka 440 hivi ya nuru kutoka kwetu. Macho matupu huona sita au saba. Darubini huonyesha mamia. Binafsi naona Kilimia kingestahili zaidi kuitwa kundi kuliko Jabari, maana humo udugu upo kweli.

Usiku mwingine wa Februari, kwenye saa tatu au saa nne, tafuta zile nyota tatu za Jabari karibu na utosi. Ukiufuata mstari wake kuelekea kusini mashariki unafika kwa Sirius. Ukiufuata upande wa pili, kaskazini magharibi, unapita karibu na nyota nyekundu-nyekundu ya Aldebaran kisha unafika Kilimia.

Jioni jua likishazama, ukiona kitu kinachowaka kuliko hata Sirius juu ya milima ya Kongo, mara nyingi hicho ni Zuhura. Hiyo ni sayari, na haina kundinyota la kudumu: wiki hii simu itakwambia imo kwenye Ng'ombe, baadaye Mapacha. Usiku wa manane hutaiona kabisa, kwani haiachani mbali na Jua.

Kuhusu simu yako: dira iliyo ndani yake huvurugwa na chuma na sumaku, hivyo usipime ukiwa umekaa karibu na injini ya mtumbwi. Sogea mbele, izungushe simu hewani kama unaandika namba nane, kisha iguse nyota yenyewe kwenye kioo. Usiguse michoro inayoiunganisha. Jina la nyota litatokea, na kundinyota lake litatajwa kwenye maelezo.