Namba ya chasisi haihamishwi: maneno kwa fundi bodi mpya

Kijana uliyetoka VETA juzi na sasa umeanza kushika grinda kwenye gereji za hapa Dodoma, kuna ombi moja litakufikia mapema kuliko unavyodhani, na halitakuja kwa sura ya wizi. Litakuja kama matengenezo.

Atakayekuja ni mtu mzima wa heshima, pengine mtumishi wa umma. Noah yake ilipinduka njia ya Manyoni, bodi imekwisha, lakini injini ni nzima na kadi ya gari anayo mfukoni. Amepata bodi nyingine ya Noah ileile kwa bei ya kutupa, ipo kwa jamaa. Anachotaka ni kile kipande cha bati chenye namba ya chasisi kikatwe kwenye gari lililokufa, kichomewe kwenye hili jipya, kipigwe pati, ile dawa ya kusawazisha bati, na rangi. "Gari langu, kadi yangu, namba yangu. Sasa kosa liko wapi, fundi? Kazi yenyewe nusu siku."

Swali lake si la kijinga, ndiyo maana mafundi wengi hukwama hapo. Jibu ni kwamba namba ile si yake. Si mali ya kadi, wala ya mwenye kadi. Ni ya bodi, au ya fremu kwa magari yenye fremu, na kadi inalieleza tu gari lililokwisha kuwepo. Bodi ya Noah yake ikifa, gari lile limekufa. Alilonunua ni gari jingine, lenye namba yake, ushuru wake na mwenyewe wake. Kuhamisha namba ni kama kumzika ndugu yako kisha ukampa mpangaji cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa hiyo muulize jambo moja tu: hiyo bodi mpya karatasi zake ziko wapi? Kama zipo, hana haja ya kukata chochote. Aende TRA, ahamishe umiliki na alipe kinachostahili. Kama hazipo, utaona maelezo yanavyokuwa mafupi ghafla.

Bodi isiyo na karatasi ina asili chache tu. Inaweza kuwa imeibwa Dar es Salaam au Arusha, au imevuka mpaka bila ushuru. Inaweza kuwa iliingia kwa msamaha wa kodi, kwa mtu au mradi uliostahili, na haiwezi kuuzwa kwa mwingine kabla kodi haijalipwa. Katika mji wa watumishi na miradi kama huu wetu, uwe macho kwa hilo. Au iliuzwa kama chuma chakavu, isirudi barabarani. Zote hizo dawa yake ni ileile: kadi halali ya gari lililokufa. Ukimwona mtu ananunua gari lililoteketea kwa bei isiyolingana na vyuma vilivyobaki, fahamu kwamba anachonunua ni kadi.

Sasa ujue unachokitazama. Vitabuni mlifundishwa namba ya herufi na tarakimu 17, isiyo na I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Hiyo utaiona kwenye magari yaliyotengenezwa kwa masoko ya nje ya Japani. Land Cruiser nyingi za miradi zina namba ya namna hiyo, inayoanza na JT. Lakini magari mengi tunayoshughulika nayo yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, na hayana namba ya 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo: IST itaanza na NCP60 au NCP61, Corolla NZE121, Noah ya zamani AZR60. Wageni wa kazi huliona gari la namna hiyo wakadhani limechezewa. Halijachezewa, ndivyo lilivyozaliwa. Cheti cha kuliondoa gari Japani kina namba hiyohiyo, herufi kwa herufi.

Kwa magari madogo namba hugongwa mara nyingi kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Kwa Hilux na wenzake, kwenye fremu, kwa kawaida upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Angalia bati linalozunguka namba kuliko unavyoangalia namba yenyewe. Kiwandani bati lile ni ukuta mmoja, limeungwa kwa vidoti vya mashine, na rangi imefuata baada ya namba kugongwa. Ukiona pati mahali ambapo ajali haiwezi kufika, au rangi nzito kwenye kiraka cha ukubwa wa kitabu, uliza. Tazama pia lebo za mikanda ya kiti na alama za vioo. Kioo kimoja hubadilishwa, hilo ni kawaida. Gari lote la mwaka mmoja lenye namba ya mwaka mwingine si kawaida.

Wapo wanaoamini grinda inafuta. Namba inapogongwa, chuma kilicho chini yake nacho hukandamizwa, zaidi ya kina cha herufi unazoziona. Wataalamu wa uchunguzi wakipaka kemikali juu ya sehemu iliyosuguliwa, mara nyingi namba ya zamani hujitokeza tena. Kilichofutika ni mng'ao tu.

Kuna mahali gari la namba ya kuazima hujifichua hata polisi wasipohusika: dukani kwa spea. Muuzaji makini anaingiza namba ya chasisi kwenye katalogi na kukupa diski za breki za gari lile. Unafika gereji, hazikai. Unarudisha, unapewa zilezile, kwa sababu kompyuta haidanganyi. Aliyedanganya ni bati. Nimeona mteja akigombana na duka zima kumbe ugomvi ulikuwa chini ya boneti yake.

Na kuna la hatari kuliko breki. Mifuko ya hewa (airbag) ya kampuni ya Takata ya Japani ilirudishwa viwandani kwa mamilioni duniani kote, kwa sababu kemikali ya kuijaza huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifyatuka unaweza kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2017. Unalijua vipi gari lililoathirika? Kwa namba ya chasisi. Mama aliyenunua gari lenye namba ya kupachika akikagua ataambiwa gari lako ni salama, na kweli ni salama, lile lililokufa. Lake halijakaguliwa na mtu. Wanaosema kuhamisha namba hakumdhuru mtu huwa hawamfikirii huyu, aliyenunua bila kujua chochote.

Kwa upande wa sheria sitakuchosha. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kughushi, kula njama na kupokea mali ya wizi, na hilo la mwisho halihitaji ukiri kwamba ulijua. Inatosha ulikuwa na sababu ya kuamini. Fundi aliyekata namba kwa mkono wake atasema nini kuhusu sababu ya kuamini? Usalama Barabarani ina sheria yake, Sura ya 168, na gari lililokwepa ushuru linaweza kutaifishwa chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. "Mimi ni mchomeaji tu" ni utetezi wa kijiweni.

Ila nisikutishe mpaka uogope kila bati. Tofauti ya matengenezo na udanganyifu ipo. Marekani, kwa sheria ya 1984, kubadilisha namba ya gari ni kosa la hadi miaka 5 jela, lakini sheria hiyohiyo inamwacha fundi aliyelazimika kuiondoa kwa sababu ya matengenezo ya kweli. Hata hivyo kule Kansas polisi walishikilia gari aina ya Corvette la 1959 kwa miaka, kwa sababu kibati cha namba kiliondolewa na kurudishwa wakati wa ukarabati. Mnunuzi hakuwa na kosa lolote, na bunge la jimbo likarekebisha sheria mwaka 2022. Nadhani Wakansas walifanya vizuri, ila mwenye gari alikuwa ameshateseka.

Kwa hiyo ajali ikivunja sehemu yenye namba, simama kwanza. Mwenye gari aende trafiki, gari likaguliwe likiwa na namba yake mahali pake, mpate maandishi, ndipo ukate. Kipande cha zamani usikitupe. Injini ikibadilishwa hakuna shida, ni kazi halali ya kila siku: iwe na karatasi zake, gari likaguliwe, na TRA wabadilishe namba ya injini kwenye kumbukumbu.

Linalobaki gumu ni pale anayekuagiza ni bosi wako mwenyewe, aliyekupokea huna hata spana. Mwambie kwa adabu, faragha, "Mzee, hii siiwezi." Usimwambie mbele ya mteja, na usitoe hotuba. Bosi mwenye akili ataelewa kwamba gereji ni yake, na polisi wakija wataanza na yeye. Asiyeelewa mwache, tangu serikali ihamie huku, fundi bodi anayejua rangi hakosi kazi, iwe Kizota au Nkuhungu.

Na jizoeze hili tangu wiki ya kwanza: gari lolote linaloingia, kabla hujafungua hata nati moja, piga picha namba ya chasisi, namba ya injini na kadi, mwenyewe akiwepo. Wateja wengi watakushukuru, wataona gereji ina utaratibu. Mmoja mmoja atakumbuka ghafla kwamba anasubiriwa Singida.