Wewe wa Chake Chake, usimpe roboti kalenda ya mafundi

Nimekuona unataka roboti wa AI apokee simu za ofisi yako ya AC halafu "apange mafundi mwenyewe kwenye kalenda". Simama hapo hapo. Hilo la kalenda ndilo lililonila mimi, mengine uliyouliza tutafika tukijaaliwa.

Mimi nna ofisi ya viyoyozi na mafriji Mwanakwerekwe, Unguja, mafundi wanne, gari moja na vespa inayokohoa. Kaskazi ikiingia na joto lake, Disemba mpaka Machi, simu hailali, na mimi nusu ya siku niko juu ya ngazi spana mkononi, nikipokea naanguka, nisipopokea mteja anampigia fundi mwengine. Kwa hiyo alipokuja kijana mmoja na laptop yake akasema kuna sauti inapokea simu masaa 24, nilimuona kama kateremshwa.

Akanionyesha video. Mama wa Marekani, usiku, theluji nje, mtambo wa kupasha joto nyumba umezima, anapiga simu, roboti anampokea kwa upole, anamuuliza kama anasikia harufu ya gesi, anampangia fundi. Sawa, huko kwao baridi inaua, simu kama hiyo usiku ni dharura ya kweli. Mimi huku nimevaa singlendi jasho linanichuruzika, hita ninayoijua ni ya maji ya kuogea, na bado nikavutiwa! Nikauliza, Kiswahili je? "Inajua lugha zote mkuu." Tukaijaribu, ikanijibu Kiswahili safi kama msoma taarifa ya habari. Nikalipa.

Sasa skiza. Mteja anasema "njooni kesho saa nne". Roboti anajibu "sawa, kesho saa nne". Mteja karidhika, kakata simu. Nenda kwenye kalenda: 16:00. Yeye nne kaichukua ya Kizungu, akaona saa nne ya alfajiri ya Kizungu hakuna fundi, akaisukuma jioni. Wote wametamka neno lile lile na kila mmoja ana saa yake kichwani. Hata ukisikiliza rikodi kosa hulioni, mimi nilisikiliza kama kumi hivi nikasema mashaallah.

Wiki tatu nzima sikujua kitu. Kwa nini? Kwa sababu mafundi tuna jina baya tayari. Mtu kaahidiwa saa tatu asubuhi, fundi anatokea saa tisa alasiri, mteja hata hashangai, ndio zao hao. Na mmoja aliyeomba saa nane mchana akagongewa mlango saa mbili asubuhi, huyo alinipigia kunisifu. Wallahi kanisifu!

Januari ikanifika. Kuna bi mkubwa ana nyumba ya wageni Jambiani, AC 22, namfanyia sevisi kila miezi mitatu maana ile chumvi ya bahari inakula mashine za nje mpaka mapezi yake yanamong'onyoka kama biskuti iliyotiwa chai. Usiku umeme ulichezacheza, asubuhi vyumba sita havipoi. Akapiga mapema: saa nne muwe hapa, wageni wanaingia saa nane. Roboti: sawa, saa nne. Mafundi wangu nikawapakia kwenye gari kwenda Nungwi, ncha nyengine ya kisiwa, kwa sababu kalenda inanambia Jambiani ni jioni.

Saa sita bi mkubwa anapiga tena. Anapokea nani? Yule yule. Safari hii anamsomea kalenda: "Fundi wako atafika leo saa kumi na sita." Bi mkubwa akamuuliza, saa kumi na sita ndio saa ngapi mwanangu? Rikodi ninayo, nikiisikiliza sijui nicheke au nilie.

Tumefika jioni, wageni wameshahamishiwa kwa jirani kwa gharama yake yeye. Na ugonjwa wenyewe? Vyumba vitatu kapasita, kile kidude cha kuanzishia mota, imekufa, vitatu breka, swichi ya kulinda umeme, imejizima tu. Kazi ya saa moja na nusu. Akanambia taratibu, hata hakupandisha sauti, "Mwanangu, kama umenichoka si ungenambia, unanitilia mtu asiyejua saa?" Mkataba ukaondoka. Ipige mwenyewe: AC 22, elfu 30 kila moja, mara nne kwa mwaka.

Nikampigia yule kijana. Ati "mkuu hilo si kosa la mfumo, mteja hakutaja asubuhi au jioni". Kumbe mwenye makosa ni bibi wa watu! Na yeye mwenyewe siku ya kwanza aliniambia "nakuja saa tatu" na akaja asubuhi, hakunifafanulia chochote, nikamuelewa.

Akanishauri tumuandikie roboti aongeze masaa sita kwenye kila saa anayotajiwa. Haya, tukaandika. Meneja wa hoteli ya Paje akapiga kwa Kiingereza, anataka kumi ya asubuhi, roboti kaongeza sita, imekwenda jioni. Mwenye duka la dawa akasema "usiku wa Ijumaa baada ya isha", kila mtu huku anajua hiyo ni Alhamisi jua likishazama, roboti kaandika Ijumaa. Nikachoka.

Na usijidanganye kuwa utamsingizia roboti. Shirika la ndege la Air Canada walijaribu, chatboti yao, roboti wa kujibu kwa maandishi, ilimpa abiria maelezo ya uongo kuhusu nauli ya msiba, wakajitetea kuwa chatboti inajibeba yenyewe, na Februari 2024 baraza la kuamua madai la jimbo la British Columbia huko Kanada likawaamuru walipe.

Roboti bado ninaye, sikumfukuza. Anachukua jina, namba, mtaa na shida, basi. Saa haandiki. Bei hataji. Mdogo wangu wa kike anakaa na daftari, anawapigia wateja, anawauliza "asubuhi hii hii?" na anajua Fuoni mwisho wa lami ni wapi. Roboti asiandike saa, hata akikuapia.

Bei ya roboti kwa dakika na hilo la WhatsApp nimeona umeuliza, sasa hivi naitwa juu ya ngazi. Ntarudi saa nne. Ya usiku.