Ukimpa mtu uwezo wa kuchagua mrithi, muwekee mipaka

Wazee wengi hapa Tabora wakiandika wosia huacha jambo moja bila kuamua: "Shamba apewe mtoto ambaye mke wangu ataona anafaa." Nia ni njema. Watoto bado wadogo, hajulikani nani atalitunza na nani ataliuza, basi uamuzi anaachiwa mtu anayeaminika. Siupingi utaratibu huo. Ninachopinga ni kuumaliza kwa sentensi moja.

Nimesimamia mirathi ya mjomba wangu yenye sentensi kama hiyo. Shamba liko Sikonge, lina mizinga ya nyuki. Swali la kwanza: "mtoto" ni yupi? Wa mke huyo tu, au pamoja na wale wa mke wa kwanza? La pili: je, mama anaweza kujichagua mwenyewe? Wosia ulikuwa kimya. Tukiwa bado tunabishana, mama naye akafariki, hajachagua mtu. Ndugu waliokuwa wakila sahani moja wakaanza kuja kwenye vikao vya ukoo kila mmoja na shahidi wake. Nami sikuwa na uwezo wa kuchagua badala ya mama huyo. Kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Shamba likakaa bila mwenyewe, asali ikavunwa na wapita njia. Iliniuma sana.

Sheria za Uingereza na Marekani hugawa uwezo huu wa kuchagua mrithi katika aina mbili kuu. Wa jumla humruhusu aliyepewa kumteua yeyote, hata yeye mwenyewe. Wa maalumu humfunga ndani ya kundi lililotajwa, kwa mfano watoto wa marehemu. Marekani tofauti hiyo inafika hadi kwenye kodi: mali iliyo chini ya uwezo wa jumla huhesabiwa katika mirathi ya aliyepewa uwezo huo. Tena wanasheria wa huko huandika mali iende kwa nani kama uteuzi hautafanyika. Kipengele hicho ndicho sisi tulichokikosa.

Basi andika majina ya watoto wote unaowakusudia, wa kila mama. Sema kama mchaguaji anaruhusiwa kujichagua. Mpe muda. Halafu andika nani achukue asipochagua, na hapo usione haya kuwa mkali. Kwa Mwislamu, hisa za warithi zimekwisha kupangwa. Nafasi ya wosia haizidi theluthi moja, kwa hiyo muone sheikh kwanza.

Mashahidi wasiwe warithi. Kwa wosia wa maandishi wa kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki; asiyejua anahitaji wanne. Kabla ya kutia sahihi, mpe wakili aisome hiyo sentensi ya uchaguzi. Kisha wosia uuhifadhi RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na msimamizi uliyemtaja ajue kwamba uko huko.