Mbona Babu Hajapauka? Maswali Yenu Kuhusu Picha za Ukutani

Wiki hii wameandika wanaotaka picha idumu: wa kuchapisha, wa kununua, na mmoja aliyekwama kwenye kioo.

Picha ya babu ya mwaka 1958 bado safi, lakini ya harusi ya wazazi wangu ya 1976 imegeuka nyekundu. Zote zilikuwa sandukuni. Kwa nini? (Dada wa Tanga)

Ni vitu viwili tofauti, dada. Babu, picha ya nyeusi na nyeupe, ni fedha, madini yenyewe, chembe zilizonasa kwenye jelatini. Fundi wa chumba cha giza akiisuuza picha hadi "hypo", dawa ya kukazia picha, itoke yote, picha hiyo inatuzika sisi sote. Ndiyo maana kazi za studio za kale, kama Capital Art Studio ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, bado zinatazamika. Ile ya harusi haina fedha; ina rangi tatu zilizopangwa tabaka kwa tabaka: samawati, waridi na njano. Kwenye karatasi nyingi za miaka ile samawati ndiyo iliyokuwa dhaifu, ikifa hata gizani. Ikiondoka, unabaki wekundu. Ipeleke ikaskaniwe mapema. Maadamu samawati haijaisha kabisa, rangi hurudishwa kwenye kompyuta.

Nataka kuanza kuuza picha zangu. Mwenye printa anasema karatasi yake ni ya hali ya juu. Nitajuaje? (Kinondoni)

Kabla ya bei, muulize wino. Unaotakiwa ni wa pigimenti, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka. Ule wa rangi iliyoyeyushwa unapendeza siku ya kwanza, lakini kwa kawaida ndio unaowahi kupauka. Karatasi iwe ya pamba asilimia 100, isiyo na asidi, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba.

Halafu usiishie kuambiwa. Nenda na ile taa ndogo ya kukagulia noti. Zima taa za chumba, mulika ukingo wa karatasi usio na picha. Ikiwaka buluu kama shati jeupe disko, imetiwa dawa ya kung'arisha. Dawa hiyo huchoka kwa mwanga, na weupe uliokupumbaza dukani unaanza kuelekea unjano. Pamba isiyotiwa kitu huwa imezubaa, rangi ya maziwa. Mimi huchukua hiyo iliyozubaa, wateja wangu wakinung'unika mwanzoni.

Ukiambiwa ni "giclée", usitishike. Jina hilo la Kifaransa lilipachikwa Marekani mwaka 1991, nalo linasema tu kwamba printa ilirusha wino. Ni wino gani, halisemi.

Nimeona picha imeandikwa 3/10 kwa penseli. Namba 1 ni bora kuliko 10? (Nairobi)

Hapana. Hiyo ni nakala ya tatu kati ya kumi zilizoahidiwa. Zamani bamba la kuchapia lilichakaa, nakala za mwanzo zikawa kali zaidi; faili la kompyuta halichakai. Wauzaji wengi hupandisha bei kadiri kumi zinavyoisha, kwa hiyo namba 10 ndiyo inaweza kukuumiza mfuko. Uliza kitu kimoja: hizo kumi ni za vipimo vyote, au kumi ndogo, kumi za kati na kumi kubwa? Hapo ndipo watu huchezewa. Omba cheti chenye saini, karatasi, wino na mwaka wa kuchapishwa.

Na uchache peke yake haukupi picha ya kudumu. Picha ya mto Rhine ya Andreas Gursky, mpiga picha Mjerumani, moja ya nakala sita, iliuzwa New York mwaka 2011 kwa dola milioni 4.3. Ni ya rangi za tabaka, ukoo mmoja na ile harusi ya Tanga.

Kamera yangu ni megapikseli 24. Nichapishe ukubwa gani? (Arusha)

Kwa pikseli 300 kwa inchi, sentimita 50 kwa 33. Ukishuka hadi 200 unafika 76 kwa 50, na mtu aliyesimama hatua mbili hatagundua. Ila peleka faili lenyewe kwa fleshi. Likipitia WhatsApp likabaki na pikseli 1,600 ubavuni, una sentimita 13 na nusu tu kwa zile 300.

Picha imeganda kwenye kioo cha fremu. Niibandue vipi? (Mombasa)

Usiibandue! Ya mama yangu niliiendea kwa kisu cha mezani baada ya masika. Shavu la kushoto likabaki kwenye kioo hadi leo. Jelatini ikinyonya unyevu hulainika, ikikauka imeshika kioo kama gundi. Iache ilivyo, uipige picha kupitia kioo, kamera ikiitazama sawasawa, umejifunika kitambaa cheusi ili usijione wewe. Kisha chapisha upya.

Hiyo mpya mwambie fundi wa fremu aitie pasipatu isiyo na asidi, yaani kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, ili karatasi isiguse kioo. Nyuma asiweke hadibodi tupu wala selotepu. Usiitundike jua linapopiga, wala kwenye ukuta wa nje unaolowa mvua. Tena kata kizibo cha chupa ya mvinyo vipande viwili, ubandike nyuma kwenye pembe za chini za fremu, hewa ipite.